Bodi ndogo za kiwandani: mwongozo kamili wa kuzigeuza kompyuta ya nyumbani isiyozimika umeme ukikatika

Bodi ya kiwandani ni kompyuta nzima juu ya kipande kimoja. Prosesa imechomelewa papo hapo, na sehemu za kuunga picha, mtandao, USB, diski na COM (njia ya zamani ya mawasiliano ya pini tisa) zote zipo. Imetengenezwa ikae ndani ya mashine miaka mingi bila kuguswa, ndiyo maana mashine inapochoka bodi yake mara nyingi bado ni nzima. Hapa Dar es Salaam hupatikana ndani ya mashine za malipo zilizotolewa madukani, skrini za matangazo, mashine za tiketi, na mitambo ya viwandani inayokatwa kuwa skrepa. Muuzaji huiuza rahisi kwa sababu hajui ni kitu gani, na mnunuzi huiunguza siku ya kwanza kwa kuipa umeme wa kubahatisha.

Kwa hiyo mwongozo huu umeuelemea umeme kwa makusudi. Ukikosea kwenye programu utafuta na kuanza upya, lakini ukigeuza chanya na hasi hakuna kurudi nyuma. Kazi tunayoilenga ni kompyuta ndogo ya kuhifadhi mafaili ya nyumba au ofisi, isiyo na feni, inayokula takriban wati 12 na kuendelea kufanya kazi kwa betri umeme unapokatika.

Kuitambua bodi

Anza na rula. Bodi ya milimita 146 kwa 102 huitwa ya inchi 3.5, kwa kuwa inalingana na diski ya ukubwa huo, na ndiyo tunayoipendekeza. Milimita 100 kwa 72 ni Pico-ITX, 120 kwa 120 ni Nano-ITX, 170 kwa 170 ni Mini-ITX, na 165 kwa 115 ni EPIC. Ukikuta bodi ndogo ya milimita 90 kwa 96 yenye safu ya pini ndefu zinazotokeza upande wa pili, hiyo ni PC/104, familia iliyosanifiwa mwaka 1992. Ina matumizi yake, tutaifikia mwishoni.

Kisha tafuta jina la modeli lililochapwa kwa rangi nyeupe kwenye bodi yenyewe, mara nyingi karibu na nafasi ya RAM au upande wa chini. Majina yanayoanza na PCM-9 kwa kawaida ni ya Advantech, GENE ni ya AAEON, WAFER ni ya iEi. Andika pia namba ya toleo, kwa sababu matoleo mawili ya modeli moja yanaweza kutofautiana mpangilio wa jampa, yaani vifuniko vidogo vinavyounganisha pini ili kuchagua mipangilio ya bodi. Ukiwa bado dukani, tafuta kwa simu kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo. Kikipatikana, nunua. Kisipopatikana, iache, hata ikiwa bei ni ya soda. Bodi isiyo na maelekezo ina konekta ishirini zisizo na majina, na kila moja ni kitendawili.

Prosesa ndiyo inayoamua bodi itafaa nini. Atom N270 ya mwaka 2008 ni ya biti 32 peke yake, na bodi zake nyingi hukomea RAM ya GB 2. Debian 13, mfumo wa Linux tutakaoutumia, haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo bodi hiyo inabaki kwenye mifumo ya zamani. Atom D525 ni ya biti 64, inafaa kwa kazi nyepesi. Chaguo zuri kwa kazi yetu ni Celeron J1900 au Atom E3845: kiini nne, biti 64, wati 10, RAM hadi GB 8. Tofauti yao moja ina uzito. E3845 ina maelekezo ya AES ndani ya prosesa, J1900 haina. Ukitaka diski yote isimbwe kwa siri, E3845 itakwenda kwa wepesi na J1900 itasota.

Hizi zote mbili zinataka RAM ya DDR3L, ya volti 1.35. RAM ya kawaida ya DDR3 ya laptopu za zamani ni ya volti 1.5, ukiichomeka, bodi hukaa kimya, skrini nyeusi, na watu huitupa wakidhani imekufa. Angalia herufi L kwenye lebo: PC3L, siyo PC3.

Vya kuandaa

Ukiacha bodi, tafuta RAM moja ya DDR3L ya laptopu GB 4, SSD ya SATA ya inchi 2.5, betri mpya ya CR2032, fyuzi mbili za ampia 5 na vishikizo vyake, mita nne za waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, spesa nne za M3, bapa la aluminiamu la unene wa milimita 3 na ukubwa wa sentimita 20 kwa 15, na pedi ya joto. Vitu hivi hupatikana Kariakoo, na aluminiamu unaweza kuikatisha kwa mafundi wa Gerezani. Multimita ni ya lazima, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Kebo ndizo zinazoumiza. VGA, COM, sauti na umeme wa SATA kwenye bodi hizi hutoka kwa pini ndogo, siyo kwa matundu ya kawaida. Umbali kati ya pini unaweza kuwa milimita 2.54, 2.0 au 1.25, na kebo ya kipimo kimoja haiingii kwenye kingine. Unapoing'oa bodi kwenye mashine yake, au unapomwona muuzaji akiing'oa, chukua kila kebo iliyochomekwa. Kebo hizo zina thamani kuliko RAM.

Kebo ya COM ina mtego wake. Pini kumi za bodi zinaweza kupangwa kwa namna mbili: moja inayofuata waya bapa wa riboni moja kwa moja hadi konekta ya pini tisa, na nyingine inayohesabu pini kwa mfuatano. Kebo zake hufanana kabisa kwa macho. Ukichomeka isiyo yake hakuna kinachoungua kwa kawaida, ila mawasiliano hayapiti, na utapoteza siku nzima ukilaumu programu.

Umeme

Kitabu cha bodi kitakuambia moja kati ya mambo matatu: volti 5 tu, volti 12 tu, au masafa mapana kama volti 9 hadi 36. Usikisie kwa umbo la konekta. Konekta ya pini nne mbili kwa mbili inayofanana na ile ya prosesa kwenye kompyuta za mezani ina mpangilio unaojulikana, yaani volti 12 upande wenye kishikio na ardhi (hasi) upande wa pili. Lakini watengenezaji wa bodi za kiwandani hutumia plastiki ileile kwa mpangilio wao wenyewe. Vilevile konekta ndogo ya pini nne kama ya flopi inaweza kuwa inataka volti 5 peke yake.

Hakikisha kwa multimita kabla ya kuchomeka chochote. Weka kwenye mlio, gusa ncha moja kwenye chuma cha tundu la USB, nyingine kwenye kila pini ya konekta ya umeme. Zinazolia ni ardhi. Linganisha na mchoro wa kitabu. Visipokubaliana, simama hapo hapo, una kitabu cha toleo jingine. Kisha pima ukinzani kati ya chanya na ardhi. Namba itaanza chini na kupanda taratibu kadiri kapasita zinavyojaa. Ikibaki chini ya omu moja au mbili bila kupanda, kuna shoti, na adapta haitaiponya.

Sasa jambo linaloua bodi nyingi za watu wenye nia nzuri. Bodi iliyoandikwa "volti 12" mara nyingi huruhusu asilimia 5 tu kila upande, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Betri inayoitwa ya volti 12 haikai hapo hata kidogo: ikichajiwa kwa nguvu hufika 14.4, ikishikiliwa imejaa hukaa kwenye 13.5 hadi 13.8, na ikichoka hushuka chini ya 11.5. Ukiiunga betri moja kwa moja kwenye bodi ya aina hiyo itawaka na utafurahi, na siku chaja itakaposukuma itazima moja kwa moja. Bodi ya volti 9 hadi 36 haina tatizo hilo. Iunge bila wasiwasi. Kwa bodi ya volti 12 tu, weka katikati kibadilishi cha umeme kinachoweza kupandisha na kushusha, kinachotoa volti 12 kamili na kumudu angalau ampia 5. Kile cha kushusha tu hakitoshi, kwa sababu betri ikifika 11.8 hakina cha kushusha.

Waya mwembamba nao ni adui. Waya wa milimita mraba 0.2 una ukinzani wa karibu omu 0.086 kwa kila mita. Ukiweka betri mita mbili kutoka kwenye bodi, kwenda na kurudi ni mita nne, omu 0.35. Bodi ikivuta ampia 2 wakati wa kuwaka, unapoteza volti 0.7 njiani: volti 12 zinafika 11.3, chini ya kiwango, na bodi inajizima na kuwaka tena bila kukoma. Kwa waya wa milimita mraba 1.5 hasara hiyo ni chini ya volti 0.1.

Kuiwasha mara ya kwanza

Iweke bodi juu ya kadibodi kavu, siyo juu ya mfuko wa rangi ya fedha iliyokuja nao, kwa kuwa nje ya baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme. Badilisha betri ya CR2032. Ya zamani karibu kila mara imekwisha, na bodi nyingine hugoma kuwaka ikiwa hivyo. Weka RAM tu, VGA na kibodi. Usiweke diski bado.

Mafundi wana njia rahisi ya ulinzi: taa ya gari ya volti 12 wati 21, iungwe kwenye waya wa chanya ili umeme upite ndani yake kabla ya kufika kwenye bodi. Kukiwa na shoti, taa itawaka kwa nguvu zake zote na bodi itabaki salama. Taa ikififia au isipowaka kabisa, hakuna shoti. Bodi inaweza isimalize kuwaka kwa sababu taa inameza volti. Hiyo siyo hitilafu. Toa taa, weka fyuzi ya ampia 5, washa kwa adapta ya volti zilizoandikwa kwenye kitabu, kwa bodi ya volti 12 ile ya kawaida ya volti 12 ampia 5.

Ikiwa kimya, fuata mpangilio huu: pima volti kwenye konekta bodi ikiwa imewashwa, angalia jampa ya AT na ATX, kwa sababu ikiwa kwenye ATX bodi inasubiri kitufe ambacho huna, na unaweza kugusanisha pini mbili za kitufe kwa sekunde moja, ng'oa RAM, isafishe meno kwa pombe ya kusafishia na uirudishe, mwisho rudisha mipangilio ya bayosi (programu ya kuanzia iliyo ndani ya bodi) kwa jampa ya kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio hiyo, umeme ukiwa umetolewa.

Tahadhari kwa anayetaka kuunga skrini ya laptopu kwenye konekta ya LVDS: kuna jampa ya kuchagua volti za paneli, 3.3, 5 au 12. Angalia paneli inataka ngapi kabla ya kuunga. Paneli ya 3.3 ikipewa 5 haitoi onyo.

Joto, chumvi na sisimizi

Bodi isiyo na feni huja na kipande bapa cha chuma juu ya prosesa. Wengi hudhani hicho ndicho kipoozeo. Hapana, hicho ni cha kusambaza joto tu, na kimetengenezwa kishikane na kasha la chuma. Kikiachwa hewani, prosesa itachemka na kujipunguza kasi. Kibane kwenye bapa lako la aluminiamu kwa skrubu, kati yao pedi ya joto au grisi, na bapa hilo liwe ukuta wa kasha. Lisimamishe wima ili hewa ipande yenyewe. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, lenga prosesa isizidi nyuzi 75 ikiwa na kazi nzito. Kikomo cha J1900 ni 105, lakini kuikaribisha huko kila siku ni kuila.

Kwa wanaokaa Kigamboni, Msasani au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi na unyevu hula miguu ya konekta hadi inageuka kijani. Safisha bodi kwa pombe ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha ipulizie vanishi ya saketi, ukiwa umefunika kwa gundi ya karatasi matundu yote, nafasi ya RAM na kishikizo cha betri. Matundu ya hewa ya kasha yaelekee chini na yafunikwe kwa wavu mwembamba wa chuma. Sisimizi, mende na mjusi hupenda joto la bodi, na mjusi mmoja aliyelala kati ya pini mbili za umeme anatosha kumaliza kazi yote.

Bayosi na Linux

Kwenye bayosi badilisha mambo machache. Tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uweke iwake yenyewe. Bila huo, kila umeme ukikatika hadi betri iishe utalazimika kwenda kubonyeza kitufe. Zima LVDS kama huna paneli. Zima kusimama kwa kukosa kibodi.

Unga SSD. Bodi nyingi za inchi 3.5 hutoa umeme wa diski kwa konekta ndogo ya volti 5, unaotosha SSD na diski za laptopu. Diski kubwa ya mezani inataka volti 12 na hutafuna takriban ampia 2 inapoanza kuzunguka. Itafutie umeme wake.

Sakinisha Debian ya amd64 (biti 64) bila mazingira ya dirisha. Ikiwa skrini itakuwa nyeusi mara tu Linux inapoanza, ilhali bayosi ilionekana vizuri, mara nyingi Linux inaamini kuna paneli ya LVDS na inatuma picha huko. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla ya Linux kuanza, bonyeza e, na mwishoni mwa mstari wa linux ongeza:

video=LVDS-1:d

Ikiwaka, iandike moja kwa moja kwenye /etc/default/grub, pamoja na kiweko cha COM, yaani njia ya kuandika amri kupitia COM, kitakachokuokoa siku VGA itakapogoma:

GRUB_CMDLINE_LINUX="video=LVDS-1:d console=tty0 console=ttyS0,115200n8"

Kisha endesha update-grub. J1900 na ndugu zake waliwahi kuwa na tabia ya kuganda ghafla bila kosa lolote kuandikwa. Ikikutokea, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari huohuo. Itakula wati kidogo zaidi, lakini itatulia.

Kinachoitofautisha hasa bodi ya kiwandani na kompyuta ya kawaida ni mlinzi wa saketi: kipima muda kinachoiwasha upya mashine mfumo ukiganda. Watu wengi hawakitumii, na ni hasara. Kwa chipu za Intel andika iTCO_wdt ndani ya /etc/initramfs-tools/modules, endesha update-initramfs -u, kisha kwenye /etc/systemd/system.conf weka:

RuntimeWatchdogSec=60

Washa upya. Kama /dev/watchdog haipo, mlinzi yuko kwenye chipu nyingine. Sensors-detect ya kifurushi cha lm-sensors itakuambia ni ipi, na kwa chipu za Winbond jaribu w83627hf_wdt. Mjaribu kweli. Mafaili yakiwa yamehifadhiwa, andika sync, kisha kama mkuu wa mfumo (root):

echo c > /proc/sysrq-trigger

Mfumo utaanguka. Ndani ya dakika moja au mbili unapaswa kurudi wenyewe. Usiporudi, mlinzi hafanyi kazi, na ni bora ujue leo. Kwa kushirikisha mafaili, Samba inatosha na haina la ajabu kwenye bodi hizi.

Betri

Adapta ya volti 12 haiwezi kujaza betri ya asidi, kwa kuwa betri inahitaji 13.5 hadi 13.8 ili ijae. Tafuta chanzo cha umeme cha volti 13.8 chenye sehemu ya kuunga betri, kile kinachotumika kwenye alamu za wizi na kamera za ulinzi. Kiwe cha ampia 5: ampia moja na kidogo ni ya bodi, kama moja na nusu ni ya kuchaji, iliyobaki ni pumzi. Unga betri ya volti 12 Ah 7 (ampia-saa saba) kwake, fyuzi ya ampia 5 ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye ncha ya chanya ya betri. Kutoka hapo umeme uende kwenye kikata-betri (kifaa kinachokata umeme betri ikishuka mno) kilichowekwa volti 11.5, kisha fyuzi ya pili, kibadilishi cha volti, halafu bodi.

Hesabu ya muda: volti 12 mara Ah 7 ni watisaa 84. Tumia nusu tu kama unataka betri idumu, 42. Bodi ya wati 12 kupitia kibadilishi hula kama 13. Ni saa tatu na zaidi kidogo. Unataka sita? Nunua betri ya Ah 14 au zaidi. Usiunge ya zamani na mpya pamoja, kwa sababu mbovu itainyonya nzima.

Bodi za zamani na michezo ya DOS

Bodi za Geode LX 800 na Vortex86DX hazifai tena kwa Debian ya kisasa. Geode iliachwa nje kuanzia Debian 12. Lakini kwa FreeDOS, DOS ya bure, ni dhahabu. Tumia kadi ya CompactFlash kama diski, kwa kuwa kwa ndani inazungumza lugha ya IDE, ile ya diski za zamani, na adapta yake ni waya tu. Igawanye na kuiandaa ikiwa kwenye bodi yenyewe, siyo kwenye laptopu. Bayosi mbili zikihesabu diski tofauti, kadi itasomeka lakini haitabuti. Kebo ya IDE ya pini 44 hubeba volti 5 kwenye pini 41 na 42, basi hakikisha pini ya kwanza iko upande wa mstari mwekundu.

Hapa ndipo PC/104 inapong'ara. Pini zake 104 hubeba ishara za ISA, njia ya kadi za kompyuta za zamani, hivyo kwa adapta ya kawaida unaweza kuunga kadi ya sauti ya ISA na kupata sauti halisi ya michezo ya miaka ya 90. Angalia kama kadi inataka volti hasi 12, ambayo bodi nyingi ndogo hazitoi. Bila hiyo kadi hutambulika lakini spika zinakaa kimya au zinakoroma. Na programu ya zamani ikikataa kwa "Runtime error 200", bodi ni nzima: iliandikwa kwa Turbo Pascal, na prosesa yako ina kasi kuliko ilivyotarajiwa. Zipo programu ndogo za kuirekebisha.

Jaribio kabla ya kufunga kasha

Endesha stress-ng --cpu 4 --timeout 3600 na uangalie sensors kila dakika kumi. Joto likiendelea kupanda baada ya dakika arobaini, pedi haijagusa vizuri. Fungua ukaze skrubu kwa msalaba. Kisha, mashine ikiwa inanakili faili kubwa, chomoa plagi ukutani. Nakala isikatike. Iache hadi kikata-betri kifanye kazi, ukipima volti za kuingia kwenye bodi kila nusu saa na kuziandika. Rudisha umeme na usiguse kitu. Ikiwaka peke yake na kushika mtandao, bandika ndani ya kifuniko karatasi yenye modeli, toleo, mpangilio wa jampa na tarehe uliyonunua betri, kisha funga.